Si Taka

Machi 2

Mvua imeanza, na mimi nimeanza. Iliyokuwa stoo ya mbolea sasa ni chumba cha kompyuta, na mwalimu wake ni mimi, mstaafu, mpiga taipu wa serikali kwa miaka ishirini na saba. Ofisa aliyeleta mashine, ambaye kila mtu anamwita Bwana Mradi, amenikabidhi funguo, kompyuta sita kuukuu na daftari hili. Anataka niandike kila siku "maendeleo na changamoto". Hayo nitamwandikia kwenye fomu zake. Daftari nimelitaifisha.

Maendeleo: paa halivuji. Changamoto: kibodi ya namba nne imekufa herufi A, na plagi yake haiingiliani na za mashine nyingine. Kwa Kiswahili, bila A huwezi hata kumwita mama. Nilipomwambia alisema, "Vumilia, Mwalimu, kibodi nyingine iko njiani." Nimefanya kazi serikalini. Najua njia hiyo ilivyo ndefu.

Machi 3

Wanafunzi tisa, wote watu wazima. Fundi viatu wa pale sokoni, tunayemwita Kiatu, alichelewa, kwa hiyo akaangukia namba nne. Hakulalamika. Aliniomba nimwandikie herufi A moja kubwa na moja ndogo kutoka mashine nyingine, nikamwekea kwenye faili. Kila anapohitaji A anakwenda kuinakili pale na kuibandika. Darasa zima linasikia, "Naazima A kidogo, narudi sasa hivi!" Neno "asante" lilimchukua dakika tatu. Ana subira, nimpe haki yake.

Asiye na subira ni Mama Mayai, muuza mayai, mtu mzima kunizidi mimi, aliyejifunza kusoma juzi tu katika darasa la watu wazima. Anasoma kwa sauti kila anachokiona, na kila neno analichukulia kuwa amri. "Faili! Hariri! Tazama!" Akifika Tazama anatazama kweli, anakodoa macho kwenye skrini, kisha ananigeukia: "Nimetazama. Sasa?"

Nilicheka kwa ndani. Kwa nje nilimwambia akae kimya kama wenzake.

Machi 6

Leo darasa lilipotoka nilibaki nyuma, nikamwandikia Kitinda. Acha niliseme hapa, maana sina mwingine wa kumwambia.

Kitinda ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alizaliwa nikiwa na miaka kumi na minne, na nilimbeba mgongoni mpaka wageni wakadhani nimezaa. Msimu wa mvua alikuwa akirudi shule amelowa chapachapa, vidole vimekufa ganzi, ananikuta nimeshamchemshia maji ya kuoga. Alikuwa anatumbukiza mikono kwanza kwenye beseni, anafumba macho, anasema, "Dada, usinisemeshe kwanza." Miaka minane iliyopita alikwenda ng'ambo kufanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Mama akalala kitandani miaka mitatu, na aliyemgeuza usiku na mchana ni mimi peke yangu.

Mama alipofariki, miaka miwili sasa, Kitinda alipiga simu analia: hapewi ruhusa mpaka wiki ipite, tumsubiri. Hatukusubiri. Tulipotoka makaburini akatuma ujumbe kwamba atakuja hivyo hivyo, hata kama amechelewa. Nilikuwa na tope hadi magotini na hasira hadi utosini. Nikamjibu neno moja: "Usije."

Hakuja. Tangu mtoto alikuwa mtiifu, na mara ile moja niliyotaka anikaidi, akanitii. Baadaye simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikazama na nambari zote. Ya kwake nami sikuwa nimeishika kichwani. Mwezi uliopita, nikipanga vitu vya mama, nilikuta anwani yake ya barua pepe nyuma ya picha. Mashine hizi zilipokuja nikasema hii ni riziki yangu.

Niliandika: "Ni mimi dada yako. Nimepata anwani hii. U mzima?" Basi. Nimepiga taipu samahani za wakubwa miaka ishirini na saba, yangu moja ikanishinda.

Machi 7

Kikasha kitupu.

Machi 9

Kikasha kitupu. Barua pepe hufika kwa dakika, ndivyo nilivyowafundisha. Kusoma kwake je, na kukata shauri la kujibu? Hayo hayamo kwenye kitabu cha Bwana Mradi.

Machi 11

Nusura tuumbuke. Kiatu alifungua sehemu inayoitwa Taka, mashine inakotupia barua inazozishuku, akakuta barua ya kumpongeza kwa kushinda gari. Alikuwa ameshajaza jina lake, la baba yake, na sasa anaazima A za kumalizia mtaa wake, ndipo nikamwona. Zile A ndizo zilizomwokoa. Angekuwa na kibodi nzima angekuwa ameshawapa matapeli kila kitu.

"Kiatu! Gari la kukupa wewe bure, wewe ni nani?"

"Mwalimu, mtu haruhusiwi kubahatika?"

Nimechukua ubao wa boksi nikaandika kwa herufi kubwa, TAKA HAIFUNGULIWI, nikautundika ukutani. Ofisini kwetu karatasi ya taka ilikuwa haivuki meza yangu mara mbili. Usafi ni kazi yangu.

Machi 20

Mvua. Umeme ulikatika mara nne. Kikasha kitupu.

Machi 27

Mwanafunzi wangu mmoja, fundi cherehani, ametuma picha ya sare alizoshona na amepata oda ya shule nzima. Alinikumbatia. Nilimwambia, "Hebu niache, utanivunja," lakini nilifurahi sana. Watu hawa wanaandikia dunia, na dunia inawajibu. Mimi niliyewafundisha ndiye nisiyejibiwa.

Nimefungua kikasha mara sita leo. Kitupu.

Aprili 4

Nimekasirika. Mwezi umekwisha! Kumbe ndivyo alivyo: amepata maisha, sisi ametusahau. Niliandika barua ndefu kumwambia kwamba aliyemwosha mama ni mimi, aliyemzika ni mimi, na yeye hata salamu zinamshinda. Sikuituma. Iko kwenye rasimu.

Aprili 6

Nimeifuta ile rasimu. Asubuhi nilipokuwa nachota maji ya mvua kwenye pipa, vidole vilikufa ganzi, nikajikuta nimesimama tu pale nalia kama mjinga. Nimemkumbuka mdogo wangu. Nimemkumbuka mpaka kifua kinauma. Sikasiriki tena, nataka tu kujua kama mikono yake ina joto.

Aprili 18

Kikasha kitupu. Mvua.

Aprili 20

Kuku wa Mama Mayai wanakufa. Wanazubaa siku moja, ya pili wameinamisha vichwa, ya tatu wamekwenda. Nimemsaidia kumwandikia daktari wa mifugo wa mkoa. Kila sentensi alitaka ianze na "Shikamoo". Tulikubaliana shikamoo moja.

Aprili 24

"Mwalimu, daktari kajibu?"

"Bado."

Aprili 28

"Mwalimu, daktari?"

"Mama, wakubwa hawajibu haraka. Kaa ujifunze." Kuku tisa mpaka sasa.

Bwana Mradi amekuja na betri ya dharura, ya kuendesha mashine moja na kifaa cha mtandao umeme ukikatika. Akaifunga namba nne, kwa waya usiohamishika! Nilipomuuliza kwa nini, alisema ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Kibodi? Iko njiani.

Mei 2

Kuku kumi na wanne. Mama Mayai hasomi tena kwa sauti. Chumba kimepoa, na sikutegemea kwamba kelele zake zingenikosesha raha zikikosekana.

Mei 8, Ijumaa

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilikuwa namwelekeza fundi cherehani, nikasikia nyuma yangu sauti iliyokuwa imenyamaza wiki nzima: "Kikasha! Zilizotumwa! Rasimu! Taka!" Halafu, "Mwalimu! Daktari huyu hapa!"

Niligeuka. Mama Mayai amefungua Taka, chini kabisa ya ubao wangu wa boksi.

"Nimesema hapo hapafunguliwi!"

"Mashine imeniambia nitake." Alinionyesha kwa kidole. "Juu imesema Hariri, nikahariri. Imesema Tazama, nikatazama. Leo imesema Taka. Na mimi nataka, Mwalimu! Hakuna mtu humu anayetaka kama mimi. Nikabonyeza."

"Hiyo ni taka, uchafu! Siyo kutaka!"

"Wewe unasoma uchafu, mimi nimesoma kutaka. Nani kaona barua?"

Darasa lilicheka, mimi sikuweza. Barua ilikuwa ya daktari kweli, ya Aprili 22, siku mbili tu baada ya kumwandikia. Chanjo ipo, bure, afike siku yoyote, na awatenge wagonjwa leo leo. Imekaa pale siku kumi na sita, huku mimi namwambia wakubwa hawajibu.

Akaisoma polepole hadi mwisho, midomo inacheza. Kisha akanitazama, wala hakupaza sauti. "Kuku kumi na saba, Mwalimu. Usafi wako umenilia kuku kumi na saba."

Nilimwomba msamaha mbele ya wote. Mara hii ulitoka. Alisema, "Haya, tuendelee. Hapa pameandikwa Si taka. Ndiyo kusema sitaki?"

"Hapana, mama. Hapo unaiambia mashine kwamba hii siyo taka. Bonyeza, itahamia kikashani."

Akabonyeza. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba na mimi nina Taka. Sijaifungua hata siku moja. Nilikwenda kwenye mashine yangu, namba moja, nimeshika kiti, umeme ukakatika. Nikaikimbilia ya dharura. Kiatu alikuwa ameimaliza betri umeme ulipokatika mchana, akitazama soli za viatu, na ilikuwa haijachaji tena. Loo! Nilimfokea, maskini, bila kumwambia sababu.

Mei 9, Jumamosi

Umeme haujarudi. Leo si siku ya darasa, lakini asubuhi nilimfuata Kiatu sokoni na betri mgongoni mwangu kama mtoto, nikamwomba aichaji kwa jenereta ya jirani yake. Akaniuliza kuna nini. Nikamweleza yote, nimesimama pale kati ya viatu vya watu, mvua inanyesha. Aliacha kiatu na sindano ikiwa ndani yake. Jenereta nayo mafuta yalikuwa yanaishia; tulipata chaji kidogo tu. "Dakika kumi na tano," alisema. "Tukibahatika."

Tulifungua stoo. Namba nne ikawaka. Anwani yangu ina A tatu, nywila yangu ina A mbili. Nilibonyeza kibodi ile kwa mazoea, miaka ishirini na saba ya vidole, na hakuna kilichotokea. Kiatu aliinama kando yangu. "Taratibu, Mwalimu. Leo unaazima wewe." Akafungua faili lake, akaninakilia, akanibandikia, moja baada ya nyingine. Zilipotimia tano nilikuwa nimelowa jasho.

Kikasha kitupu. Nikashuka chini, nikabonyeza Taka.

Umeshinda. Umeshinda. Punguza unene. Umeshinda. Na katikati yao, kutoka anwani nisiyoijua, ya Aprili 18: jina la mdogo wangu.

Nainakili hapa kama ilivyo, nisije nikaipoteza na hii:

"Dada, hii ni ya nne. Zile tatu hukujibu, na sikulaumu. Natumia anwani ya kazini maana ile ya zamani naifungua mara moja moja. Nimepewa likizo. Ningefika Mei 14. Nataka kufika kwa mama. Lakini uliniambia nisije, na neno lako sijawahi kulivunja. Ukitaka nije, niambie kabla ya tarehe 10, ndiyo mwisho wa kuthibitisha tiketi. Usiponijibu nitakuwa nimeelewa, na sitakusumbua tena. Huku nako mvua inanyesha. Mikono inapata baridi ile ile, ila hakuna wa kunichemshia maji. Mdogo wako."

Nilitafuta zile tatu. Nilishuka hadi chini, nikapanda, nikashuka. Kiatu alinionyesha mstari mdogo juu ya skrini: barua zilizokaa humu zaidi ya siku thelathini hufutwa zenyewe. Mimi ndiye niliyewasomea darasa zima mstari ule kwenye mashine yake, siku ile ya gari la bure, kwa fahari, nikasema angalia mashine inavyojisafisha. Barua tatu za mdogo wangu. Zimefagiliwa, na ufagio nilikuwa naushangilia.

"Mwalimu," Kiatu alisema, "utalia baadaye. Leo tarehe tisa."

Nilibonyeza Jibu. Nikaanza kumwambia kila kitu: kwamba sikuziona, kwamba nilikuwa nafungua kikasha kila siku, kwamba sikumaanisha lile neno, kwamba anisamehe. Nikatazama skrini. Pameandikwa: "Mdogo wngu, sikuzion, nismehe". Kiatu akaanza kuniazimia A, moja, mbili, akakosea akabandika tano pamoja. Betri ikalia. Mlio wa kwanza. Nilitaka kueleza miaka miwili, nikahesabu A zake, zisingepungua mia. Betri ikalia tena.

"Andika lisilo na A!" Kiatu alipiga kelele. "Lolote!"

Nikafuta yote. Nikaandika:

"Njoo."

Nikabonyeza Tuma. Iliandika Imetumwa, nikaisoma kwa sauti kama Mama Mayai, na skrini ikazima.

Tulikaa gizani mle ndani mchana kweupe, tunasikiliza mvua juu ya bati. Kiatu alisema, "Hata lile la zamani halikuwa na A, Mwalimu. Usije." Nililifikiria. Kweli. Ningekuwa na kibodi hii wakati ule ingeniruhusu vile vile. Mashine haina kosa, ulimi ndio hauna mfupa.

Mei 10, Jumapili

Umeme hakuna. Jenereta haina mafuta. Nimekaa roho juu kutwa. Sijui kama ameisoma, sijui kama ofisi yao inafunguliwa Jumapili, sijui kama neno moja linatosha kwa mtu aliyeandika barua nne.

Nataka aje. Nimeliandika, libaki hapa. Nataka aje.

Mei 11

Umeme umerudi saa nne asubuhi. Nilianza na Taka. Umeshinda, Umeshinda. Nikapanda kikashani, taratibu, kwa mara ya kwanza naogopa kukitazama.

Barua moja.

"Dada, nakuja. Ila barua nne, jibu neno moja? Na kupiga taipu kote kule!"

Nilicheka mpaka Mama Mayai akauliza kama nimeshinda gari. Kisha nikakaa kwenye namba moja, yenye herufi zake zote, nikamweleza kila kitu. Lile neno nisamehe nililiandika bila kusita, na A yake ikiwepo. Mwishoni nikamuuliza zile tatu zilisemaje.

Ile barua ya nne bado ilikuwa kule chini, katikati ya matapeli. Nilimwita Mama Mayai aje anisaidie. Hakuhitaji msaada wangu kusoma. "Si taka," alisema, akabonyeza yeye mwenyewe kwa kile kidole chake kinachonuka mayai, na tukaitazama ikihama.

Ubao wangu nimeushusha. Wamebishana kutwa mpya uandikweje. Kiatu kaandika: TAKA IFUNGULIWE, ISOMWE KWA AKILI. Mama Mayai anasema ni maneno mengi mno, mashine yenyewe imetumia moja tu.

Mei 12

Amejibu. Zile tatu anasema atanisomea kwa mdomo, zote anazikumbuka. Ya pili ina matusi kidogo.

Mei 13

Bwana Mradi ameleta kibodi. Kiatu amekataa, anasema hii ya zamani ameshaizoea.

Mei 14

Darasa hakuna leo. Mvua bado. Maji yako motoni tangu asubuhi, na kila yakipoa nachochea moto tena.